Toa Plagi Uisome

Lita moja ya petroli inayofika hapa kwetu Kizuka, Burundi, imesafiri kuliko wengi wetu. Burundi haina bahari wala kiwanda cha kusafisha mafuta. Mafuta yanashushwa melini Dar es Salaam, yanapakiwa kwenye malori, yanaikata Tanzania mpaka mpakani; mengine yanakuja kwa njia zisizo na risiti, ndani ya madumu na chupa za maji. Tangu mwaka 2022 uhaba umekuwa ukiondoka na kurudi, na yeyote anayeishi kando ya barabara ya RN3 kati ya Bujumbura na Rumonge anajua usiku wa foleni ulivyo mrefu. Siandiki habari za foleni. Naandika habari za lita hiyo ikishaingia ndani ya tangi lako, kwa sababu hapo ndipo neno lako linapoanza kuwa na nguvu. Bei hupangi wewe. Meli huongozi wewe. Lakini lita hiyo iungue sawasawa ikufikishe mjini na kukurudisha na abiria, au itoke kwenye bomba la moshi ikiwa masizi meusi, hilo unaliamua wewe, kwa spana ya plagi na macho yako mawili.

Nasema nawe, mdogo wangu, unayeendesha TVS uliyoipata mkononi mwa mtu wa tatu, Boxer ambayo kiti chake kimeshashonwa upya, au ile Yamaha AG100 ya mipigo miwili iliyobaki mradi ulipofungwa. Umeambiwa mara nyingi kwamba chombo hicho kimezeeka, kiuze. Kabla hujakiuza, nisikilize. Pikipiki yenye kabureta na plagi moja ni mashine ambayo kijana mwenye funguo chache anaweza kuielewa yote, kuanzia mfuniko wa tangi mpaka ncha ya bomba la moshi, bila kompyuta na bila kumwomba mtu ruhusa. Hakuna kilichofichwa humo. Kila ugonjwa wake unaacha alama, na alama nyingi zinaandikwa mahali pamoja: kwenye plagi, buji kama wengi wetu tunavyoiita pwani hii ya Ziwa Tanganyika.

Tatizo letu kubwa kando ya barabara ni mazoea ya kubadilisha kabla ya kuuliza. Pikipiki ikigoma asubuhi, plagi mpya. Ikigoma tena, kabureta mpya. Ikigoma mara ya tatu, koili, kisha sidiai (CDI, kisanduku kinachotawala cheche), na kufikia hapo faida ya juma zima imebaki dukani na ugonjwa bado umo, kwa sababu ulikuwa ni tone la maji chini ya kikombe cha kabureta. Vipuri si dawa mpaka ujue ugonjwa. Nataka uache kabisa kununua kwa kubahatisha, kuanzia leo.

Injini inadai vitu vitatu: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kipimo, cheche kwa wakati wake, na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Mgandamizo ukiisha utausikia mguuni. Kiki inashuka laini bila kupinga, na hapo kweli kuna kazi ya ringi au valvu. Lakini pikipiki iliyokuwa nzima jana jioni haipotezi ringi usingizini. Ikikataa kuwaka asubuhi, tuhuma za kwanza ni mbili tu, cheche na petroli, na kuna swali moja la kuzitenganisha.

Fungua koki ya mafuta, washa swichi, hakikisha kitufe chekundu cha kuzimia kiko mahali pake (wangapi wamesukuma pikipiki kilometa nzima kwa sababu ya kitufe hicho!), vuta choki, piga kiki mara nane au kumi. Haikuwaka. Sasa usiendelee kupiga kiki kwa hasira. Toa plagi uishike mwangani. Je, imelowa au imekauka?

Imelowa petroli: mafuta yanafika, kwa hiyo mtafute mwizi wa cheche. Imekauka: mafuta hayafiki, kwa hiyo iache koili ya watu, fuata njia ya petroli kutoka tangi kushuka. Basi. Kwa dakika mbili umekata nusu ya pikipiki ukaiweka kando, na hujatumia faranga hata moja. Ninalipenda swali hili kuliko vifaa vyote vya karakana, kwa sababu ni la bure na halidanganyi.

Tuseme imelowa. Ikaushe, ichomeke kwenye kofia yake, laza chuma cha nyuzi zake juu ya kichwa cha injini kiguse vizuri, mbali na tundu ilimotoka, maana tundu hilo linatapika mvuke wa petroli na cheche haichagui cha kuwasha. Shika kofia kwa mpira wake au uibane kwa kitambaa kikavu. Simama kivulini, piga kiki, tazama. Cheche nzima ni ya buluu, nene, inapasuka kwa sauti unayoisikia. Cheche ya manjano, nyembamba, inayoruka mara moja na kukosa mara mbili, ni mgonjwa hata kama umeiona. Hapo wengi wanapotea. Wanaona kijimwanga, wanasema moto upo, wanahamia kwenye kabureta. Cheche inaruka kwa urahisi hewani. Ndani ya silinda, ambamo hewa imebanwa karibu mara tisa, inahitaji nguvu kubwa zaidi, volti elfu kumi na kuendelea. Cheche inayosinzia mkononi mwako itakufa ndani.

Ukiiona dhaifu au usipoiona kabisa, jaribu plagi nyingine unayoiamini. Kila dereva awe na plagi moja nzima ndani ya kisanduku chake, imefungwa kwa kitambaa. Ni kipimo, ni akiba, ni usingizi mzuri. Plagi nzima nayo ikikosa cheche, fungua kofia kwa kuizungusha, utazame ncha ya waya. Huku kwetu, kwa mvua za Aprili na maji ya ziwa ambayo miaka hii yamepanda mpaka kwenye nyumba za watu Rumonge, waya huo hunyonya unyevu, shaba yake ikaota kutu ya kijani. Kata milimita tano za ncha ukutane na shaba nyekundu, rudisha kofia kwa kuizungusha, jaribu tena. Ni ajabu pikipiki ngapi zimefufuka kwa mkato huo mmoja. Kama kofia imepasuka, wakati wa giza utaona moto ukitambaa nje yake kwenda kwenye chuma. Huo ni umeme unaotafuta njia fupi. Kofia ni kitu cha bei ndogo. Badilisha hiyo, si koili.

Pikipiki za zamani zaidi, zile zenye platini, zina ugonjwa wao wa pekee: nyuso mbili za platini zinaungua, zinachafuka, au mwanya wake unapotea. Msasa laini kabisa, kitambaa safi, kisha mwanya wa milimita 0.3 hadi 0.4, kadiri kitabu cha chombo kinavyosema. Zenye sidiai hazina hilo, lakini zina miiko yake: usipige kiki kofia ikiwa inaning'inia hewani bila plagi wala chuma, kwa kuwa umeme ule mkali usipopata pa kutokea hutoboa mahali ambapo hukutaka.

Nirudi kwenye plagi yenyewe, maana nilisema inasomwa. Plagi iliyotoka kazini, baada ya mwendo wa kweli wa kilometa kadhaa, ina rangi, na rangi hiyo ni taarifa. Kahawia hafifu kwenye kauri ya kati: mchanganyiko ni mzuri, chombo kinakula kwa adabu. Nyeusi kavu kama masizi ya sufuria: petroli inazidi hewa. Chujio la hewa limeziba vumbi, choki haifunguki yote, au sindano ya kabureta imekaa juu. Nyeusi yenye mafuta yanayonata: oili inapanda kupitia ringi au inashuka kwenye valvu, na kwa AG100 na wenzake wa mipigo miwili, mchanganyiko wa oili umezidi au pampu yake imeharibika. Nyeupe kama chokaa, yenye vidonge vidogo vilivyoyeyuka: hewa inazidi petroli, injini inaungua, na usipoisikiliza leo kesho utatafuta pistoni. Ukiona nyeupe simama. Angalia mpira unaounganisha kabureta na kichwa cha injini; jua la pwani hii huupasua. Injini ikiwa inazunguka taratibu, dondoshea maji machache kwenye kiungo hicho. Mlio ukibadilika, hewa inaibiwa hapo.

Kuna jambo moja la madukani sina budi kulisema. Plagi zina daraja la joto, na namba zilizochapwa juu yake si mapambo. Kwa NGK, namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume chake, namba kubwa ni ya moto zaidi. Anayebadilisha kampuni bila kujua hilo anaweza kutoka kwenye injini iliyokuwa nzima akaingia kwenye masizi au kwenye pistoni iliyotoboka. Urefu wa nyuzi nao ni sheria: ndefu kupita kiasi inagonga pistoni. Chukua plagi yako ya zamani dukani, ilinganishe herufi kwa herufi, nyuzi kwa nyuzi. Itazame kama ncha ya kati imekaa katikati kweli, kama maandishi yanafutika kwa kidole. Plagi bandia zipo sokoni, na nyingi hujisaliti kwa hayo. Kisha pima mwanya. Pikipiki ndogo nyingi zinataka milimita 0.6 hadi 0.7. Plagi mpya haimaanishi mwanya sahihi. Huenda imeanguka njiani, au imegongwa ndani ya boksi. Na kuhusu kuisafisha: kuichoma plagi motoni, kama tulivyozoea, kunakausha petroli kweli, lakini kauri yake inaweza kupasuka kwa joto la ghafla. Brashi ya shaba na kitambaa vinatosha.

Sasa upande wa pili, plagi iliyotoka kavu. Hapa ndipo Kizuka ina somo lake yenyewe, kwa sababu ya petroli tunayoinunua.

Anza juu kabisa, kwenye mfuniko wa tangi. Una kitundu cha kupumulia. Kikiziba kwa vumbi na mawese ya mikononi, petroli inashuka kidogo, tangi linavuta pumzi linakosa, mafuta yanasimama. Dalili yake inajulikana: pikipiki inakwenda vizuri kilometa chache, inakohoa, inazima, ukingoja kidogo inawaka tena. Watu wamefumua injini nzima kwa ugonjwa huu. Wewe fungua mfuniko tu. Ukisikia mvumo wa hewa ikiingia na injini ikawaka, umemaliza kazi.

Shuka. Chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, uelekeze ndani ya chupa, fungua koki. Mafuta yatiririke kwa mfululizo. Yakidondoka tone tone, kichujio cha koki ndani ya tangi kimejaa uchafu. Yakitiririka vizuri, shuka tena: chini ya kikombe cha kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Ifungulie ndani ya kikombe cha kioo, si juu ya mchanga. Nasisitiza kioo, kwa kuwa unataka kuona. Petroli ni nyepesi kuliko maji. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, ya maji gramu 1,000. Kwa hiyo maji hukaa chini, hujikunja kama shanga, na tundu la jeti liko chini hukohuko. Tone moja tu likikaa hapo, injini inanyonya maji badala ya mafuta, na wewe unalaumu cheche.

Maji yanaingiaje? Chupa iliyosuuzwa ikajazwa petroli kabla haijakauka. Dumu lililokaa ndani ya mtumbwi. Tangi lililolala nusu tupu usiku wenye unyevu wa ziwa, mvuke ukaganda kwenye ukuta wa chuma ukashuka. Hatuwezi kuyazuia yote, lakini tunaweza kukataa kuyamimina. Ukinunua petroli ya chupa, na najua siku nyingi huna njia nyingine, iache itulie dakika kumi kabla ya kumimina. Tazama chini ya chupa. Mimina kupitia kitambaa cha pamba kilichokunjwa au kichujio chenye wavu mwembamba, na usimimine mpaka tone la mwisho. Acha kina cha kidole chini. Na ukishuku kwamba imechanganywa na mafuta ya taa au mazuti, dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe, uiweke penye hewa, mbali na moto na sigara. Petroli safi hupaa bila kuacha doa la mafuta. Iliyochanganywa huacha doa linalong'aa. Muuzaji akikuona unafanya hivyo mara mbili, ya tatu atakupa chupa nyingine. Madereva kumi wakifanya hivyo katika kituo kimoja, soko zima linabadilika, na hakuna amri iliyotolewa.

Tukifika kwenye kabureta yenyewe, tafadhali, heshima. Ni kifaa cha vipimo vidogo sana. Jeti ya silensa, yaani ya injini ikizunguka bila kuvuta eksileta, ina tundu lisilofika nusu milimita, na petroli ikikaa ndani majuma kadhaa hukauka ikaacha gundi ya kahawia inayoliziba. Ndiyo maana pikipiki iliyolala wakati wa uhaba huamka na ugonjwa: inawaka kwa choki tu, ukirudisha choki inazima, haitaki kukaa silensa. Hiyo ni jeti ndogo. Ikikaa silensa vizuri lakini ikafunga koo unapoivuta mpaka mwisho, tazama jeti kubwa, au mtiririko wa tangi. Ikisumbua katikati, tazama sindano na klipu yake. Mkono wako wa eksileta unakuambia ni mlango upi wa kubisha kabla hujashika spana.

Kabla ya kung'oa skrubu ya hewa, izungushe kuingia taratibu huku ukihesabu mizunguko mpaka iguse, uandike namba hiyo. Moja na nusu, mbili, kila kabureta ina yake. Asiyehesabu hurudisha kwa kukisia, kisha huendesha miezi mitatu akila petroli ya ziada bila kujua. Jeti usiitoboe kwa waya wa chuma. Shaba yake ni laini. Ukilipanua tundu kwa unene wa unywele, umeongeza kiu ya pikipiki mpaka siku utakapoibadilisha. Loweka kwa petroli safi, puliza kwa pampu ya baiskeli, inua juu utazame jua kupitia tundu. Ukiona duara kamili la mwanga, irudishe.

Na chujio la hewa, kitu kinachodharauliwa kuliko vyote! Ili lita moja ya petroli iungue vizuri inahitaji karibu kilo 11 za hewa, yaani si chini ya lita elfu tisa. Lita elfu tisa zinapita kwenye kile kisponji kilichojaa vumbi la njia za mashambani. Kikiziba, injini inakula petroli bila hewa, plagi inakuwa nyeusi, na wewe unasimama foleni mara mbili. Kioshe kwa sabuni, kikauke kabisa, kipake oili kidogo ukikamue. Cha karatasi kigonge taratibu, kipulize kutoka ndani kwenda nje. Siku ya Jumapili baada ya kanisa, au Ijumaa baada ya swala, robo saa inatosha.

Kuna wanaopanda milima. Ziwa letu limelala kwenye mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari. Kutoka Rumonge ukishika njia ya Bururi, unapanda kupita mita 1,500 ndani ya safari moja. Huko juu hewa ni nyepesi, kama asilimia kumi kwa kila mita elfu moja, lakini kabureta haijui. Inaendelea kumimina petroli ileile ya ufukweni. Pikipiki inalegea, inatoa moshi mweusi, na dereva anaamini injini imechoka. Haijachoka. Anayefanya kazi huko juu kila siku anaweza kupandisha klipu ya sindano pengo moja, sindano ishuke, petroli ipungue. Anayeshuka jioni hiyohiyo kurudi ziwani na mzigo asiguse kitu, kwa sababu mchanganyiko uliopunguzwa mlimani ukiletwa kwenye hewa nzito ya ufukweni utaunguza pistoni. Avumilie kupanda kwa gia ndogo. Ni nani anayekuambia haya unaponunua pikipiki? Hakuna. Ndiyo sababu lazima tuambiane sisi wenyewe.

Na tuambiane bila uchoyo. Mafundi wakubwa wa pwani hii, ninawaomba kwa heshima zote: kijana akija na pikipiki inayokohoa, mwiteni asogee, ashike plagi kwa mkono wake mwenyewe, aseme anaona nini kabla ninyi hamjasema. Hamtapoteza mteja. Mteja anayejua plagi yake imelowa au imekauka huja kwenu na kazi ya kweli, kazi ya ringi, ya valvu, ya krenki, inayolipa kuliko kubadilisha plagi, na huja akiwa anawaamini. Nanyi wasichana mnaosimama mbali karakana ikifunguliwa, sogeeni. Spana ya plagi haina jinsia, na jicho linalotofautisha mawese mazuri na yaliyochakachuliwa kwa rangi yake linaweza kusoma kauri ya plagi kesho asubuhi. Kama kuna aibu ya kuuliza, wazee walishasema: mficha uchi hazai.

Ujuzi huu haubaki barabarani. Teremka mwaloni jioni, wavuvi wa ndagala na mukeke wanapojiandaa kuingia ziwani. Injini zao za mtumbwi zinakula petroli ileile ya madumu, zina plagi zilezile zinazolowa, kabureta zilezile zinazonasa maji. Tofauti ni kwamba injini ikizima katikati ya Tanganyika, ziwa lenye kina cha mita 1,470, hakuna kivuli cha mchikichi cha kusimama chini yake ukingoja fundi. Kijana wa Kizuka anayejua kuuliza imelowa au imekauka ana kazi nchi kavu na majini. Ana kazi kwenye jenereta ya kinyozi, kwenye pampu ya kumwagilia bustani. Étienne Lenoir alipotumia cheche ya umeme kuwasha injini yake ya gesi kule Paris mwaka 1860, alianzisha jambo ambalo bado linatendeka kwa namna ileile ndani ya Boxer yako: umeme unaruka mwanya mdogo, mchanganyiko unawaka, chuma kinasukumwa. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, injini ya mipigo minne inawashwa mara 50 kila sekunde. Kila moja ya hizo 50 ni petroli uliyoilipia. Idai kazi yake!

Uanze lini? Usingoje igome. Anza leo jioni, pikipiki ikiwa nzima, kwa sababu anayeitazama plagi siku ya ugonjwa tu hajui rangi ya afya ya chombo chake. Iache injini ipoe, maana kichwa ni cha aluminiamu na nyuzi zake hung'oka ukilazimisha kikiwa cha moto. Puliza mchanga unaozunguka plagi kabla ya kuifungua, usidondokee ndani. Itoe, itazame, uipige picha kwa simu, uandike tarehe na petroli uliyoinunua wapi. Pima mwanya. Kisha irudishe kwa vidole, si kwa spana: izungushe mpaka ikae yenyewe, na ikikataa mzunguko wa pili itoe uanze upya, usiibishie. Ikishakaa, spana ikamilishe, robo ya mzunguko kwa iliyokwisha kutumika, nusu kwa mpya. Wiki ijayo rudia, ulinganishe picha mbili, umwonyeshe na mwenzako wa kituoni.